Mto Ulikuja Kutoa Pole

Hanifa alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya dirisha, anachambua milulu, yale majani marefu wanayofumia vikapu vya Iringa. Laini aliiweka kulia, ngumu kushoto. Laini ndiyo ya hereni. Ile ngumu hukatika mtu akigeuza shingo. Kando yake palikuwa na koleo, waya wa shaba, kopo la shanga, na chai iliyokwisha poa, maana baridi ya Iringa ya mwezi wa sita haisubiri mtu amalize kikombe. Alivaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, na masikio yake yalikuwa matupu. Mwanamke aliyeyavisha masikio ya nusu ya mtaa wa Mshindo, ya kwake hayana kitu. Ndivyo eda ilivyo. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajipaki manukato, hatoki bila dharura.

Mama Ombeni, jirani wa chumba cha pili, alipitisha fungu la nyanya na mboga ya chainizi dirishani.

"Pokea, mama. Na zile hereni za harusi ya Sarah vipi? Kamati nzima inakuangalia wewe."

"Natafuta muundo."

"Utafute mzuri basi. Usije ukanipa zile za mwaka jana, watu wanazijua. Si unaona harusi za siku hizi, kila kitu kinarushwa kwenye status."

Akaenda zake. Mama Ombeni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti wa kuozesha, na mtu mwenye binti wa kuozesha macho yake yako kwenye ukumbi.

Tatizo la Hanifa lilikuwa moja. Yeye hakujua kubuni kitu ndani ya chumba. Miaka yote alikuwa anatoka alfajiri, mara anapanda jiwe la Gangilonga, mara anashuka mtoni Ipogolo, anachagua kitu kimoja tu, ua au gome au bawa la mdudu, anakaa mbele yake mpaka mkono uelewe. Hachori, hapigi picha. Marehemu mumewe, Yunusu, alizoea kumtania kwamba anavyoliangalia jani, utadhani anasubiri chenji. Lakini jioni akirudi, mkono ulikuwa unajua. Sasa jicho lilikuwa halijakaa na kitu kwa muda mrefu, na mkono nao ukawa bubu. Alikuwa anatengeneza hereni zinazofanana na hereni.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na hilo hakumwambia mtu. Eda ikiisha, desturi ni wanawake kuja. Wanamwogesha mjane, wanamvika kanga mpya, wanamfukiza udi, wanamshika mkono wanamvusha kizingiti, huku vigelegele vinapigwa. Hanifa alikuwa hajui ni nani atakayekuja kwake.

Alizaliwa Kalenga akaitwa Kalista. Alipompenda Yunusu, mwenye duka la nyuzi na vifungo pale Miyomboni, alisilimu akawa Hanifa. Kaka yake Crispin alisimama nje ya msikiti siku ya ndoa, kofia mkononi, akasema mkataa kwao mtumwa, halafu akala pilau sahani mbili. Upande wa Yunusu, watu ambao babu yao alipanda na biashara kutoka pwani, walimpokea vizuri kama unavyompokea mpangaji asiye na kelele. Wifi yake, Bibie, mwenye yadi ya mbao kule Mbalizi, alimwita "wifi yetu Mhehe" tangu siku ya ndoa na hakuacha. Mtoto hawakujaliwa. Yunusu alipofariki, pande zote mbili zilijaa uani, zikalia, zikala, zikaondoka. Watu wa Kalenga walijua kwamba anabaki na wakwe zake. Wakwe walijua kwamba anabaki na watu wa kwao. Kila mmoja alirudi kwake roho imetulia.

Wa kwanza kuja alikuwa mshubiri.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Mama Ombeni alikuwa anaanika nguo akauona unapanda ngazi za mbele, mizizi imebeba udongo mwekundu wa Gangilonga, unapumzika kila ngazi. Akausogezea ndoo upite.

"Una mgeni huku," akaita.

Mshubiri ukaingia, ukakaa ukutani pale walipokuwa wanakaa wanawake wakati wa msiba, maua yake mekundu yameinama. Haukusema kitu. Hanifa akaweka koleo chini akauangalia. Aliyaangalia majani manene yenye meno pembeni, na ule mshumaa wa maua ambao kila ua limelala juu ya mwenzake kama vigae. Adhana ya magharibi ilipoanza, mkono ulikuwa umeshajua. Mshubiri ukaondoka. Hanifa alifagia udongo kidogo uliobaki kwenye mkeka, akasikia kwamba chumba kimekuwa kikubwa kupita kiasi, akalia.

Hereni za mshubiri zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Shanga nyekundu zimelaliana, zinaning'inia kichwa chini. Mama Ombeni alizipima mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akasema, "Sasa hapo umenena."

Baada ya hapo walikuja wengi. Jiwe la Gangilonga lenyewe halikuja, ni zito na umri wake unajulikana, ila lilimtuma mjusi wake mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu. Mjusi alipiga pushapu zake pale dirishani mara kadhaa kwa heshima, kisha akatulia mpaka jioni. Milulu ya bondeni ilikuja kwa kundi kama wanawake wa kikoba, miguu imelowa, inanong'onezana. Ukungu wa Mufindi ulikuja asubuhi moja ukakaa sana, ukaondoka umeacha godoro lina unyevu. Wote walikuja kimya, wakakaa upande wa ukutani, wakamwacha aangalie. Kila mgeni aliacha muundo.

Mtaani watu walizungumza, lakini si kwa kushangaa. Walilalamika kidogo juu ya matope kwenye korido. Kisha wakasema afadhali, mjane asikae peke yake.

"Nilikuwa nataka kupita kwake Jumapili," mwanamke mmoja wa kamati alimwambia Mama Ombeni, "lakini nikasikia ana wageni. Nikaona nisimbughudhi."

Hanifa aliyasikia hayo kupitia dirishani, sindano mdomoni. Alitaka kupaza sauti kwamba mshubiri hauongei. Kwamba ukiupa ukungu chai, haunywi. Lakini mtu aliyefiwa hapigi kelele dirishani, kwa hiyo akaendelea kushona.

Mto Ruaha Mdogo ulikuja siku ya soko.

Uliacha njia yake pale darajani Ipogolo, ukapanda mlima kuja mjini taratibu kama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Magari yaliusubiri uvuke. Ulipofika ngazi za Hanifa uliacha mawe yake nje, pale wageni wanapovulia kandambili, ukaingia maji matupu. Ulikuwa wa baridi na ulinukia majani. Chumba hakikuutosha, basi ukajikunja, sehemu chumbani, sehemu kwenye korido, na mkia wake uani karibu na banda la kuku la Mama Ombeni. Hanifa alipandisha mashine ya kushonea juu ya meza, akakunja godoro, akakaa kitandani miguu juu. Akauangalia unavyopinda bila kukatika. Alikuwa anafikiria mkufu mmoja mrefu wa waya na shanga za kioo, usio na mwanzo wala mwisho, wakati simu ilipoita. Ilikuwa simu ya kwanza ya Crispin tangu mazishi.

"Kamwene, Kalista."

"Kamwene, kaka."

"Sikia, huko mjini kuna nini? Huku maji imekatika tangu mchana. Mtoni mawe matupu, watoto wanaokota samaki. Nyanya zangu zitakauka."

"Mto uko hapa kwangu, kaka. Umekuja kutoa pole."

Mbuzi walisikika nyuma ya Crispin.

"Haya. Ni vizuri. Lakini uambie usikae sana, hii ni wakati wa kumwagilia."

"Nitauambia. Kaka, eda yangu inaisha mwezi ujao. Sijui kama mkeo na mabinti wanaweza kuja kunitoa."

"Kukutoa wapi?"

"Ndani. Wananiogesha, wananivika. Ni desturi."

"Ah, Kalista." Sauti yake ilikuwa ya upole kweli, na hilo ndilo lililomuuma dada yake. "Hayo mambo ya dini yenu sisi tutakosea, tutakuaibisha bure. Wakwe zako si wapo? Wale ni watu wa desturi. We tulia tu. Ila huo mto, basi, jioni uwe umerudi."

Hanifa akauambia mto kuhusu nyanya. Mto ukasikia. Ukajikunjua pole pole, ukakusanya mkia wake uani, ukaokota mawe yake mlangoni moja moja, ukashuka. Nyanya za Crispin zilipona.

Wiki iliyofuata ulikuja mpaini kutoka Mafinga. Kwa sababu ya urefu wake haukuweza kuingia, ukasimama uani, ukainamisha tawi moja mpaka dirishani. Shinani ulikuwa na alama ya rangi nyekundu, herufi B, alama unayopigwa mti ulioshanunuliwa. Hanifa aliijua alama hiyo. Alikaa na mpaini siku kadhaa, maana mpaini hauna haraka. Ukidondosha koni, anaiokota kwa kunyoosha mkono tu, anaona magamba yanavyojipanga kwa mzunguko, kila gamba na nafasi yake. Alitengeneza bangili kwa mpango huo. Asubuhi aliusalimia, jioni aliuaga. Siku moja alijikuta anauhadithia jinsi Yunusu alivyokuwa anakoroma, akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu amzike.

Bibie akapiga simu kutoka Mbalizi.

"Wifi yangu, za huko? Pole na upweke. Eti kuna mti wangu hapo?"

"Upo, wifi. Uko uani."

"Nilijua tu! Wapasuaji wamenihesabia wamekuta shimo. Nawatuma watu na lori kesho, wasikusumbue, wataukata hapohapo na mashine."

Hanifa aliuangalia mpaini. Mpaini ulikuwa umetulia.

"Wifi, na wewe huwezi kuja na hilo lori? Siku zangu zinaisha ile Jumamosi ya katikati ya mwezi. Wewe ndiye dada yake Yunusu. Nakuomba."

"Jamani, wifi, unafikiri sitaki? Mbao ndiyo wakati wake huu, nikiondoka yadi hapa wataniacha na maranda. Halafu na wewe usiwadharau ndugu zako. Ninyi Wahehe kwa kushikana nawajua mimi, hawawezi kukuacha. Mimi nikija nitaonekana nawavunjia heshima."

Lori likaja. Wapakiaji walikuwa vijana wenye adabu. Walisimama dirishani, wakavua kofia, wakasema pole na msiba, mama, kisha wakawasha mashine. Mpaini haukupiga kelele. Walipakia magogo, wakafagia uani, na mmoja wao akauliza kama anaweza kupata hereni moja ya kumpelekea mchumba wake. Hanifa akampa mbili, maana hereni moja ni mkosi, akafunga dirisha.

Akamtumia ujumbe mke wa ustadhi kumuuliza afanyeje. Mama yule alijibu vizuri na kwa kirefu: siku zikitimia zimetimia, mtu anatoka mwenyewe, huko kuogeshwa na kushikwa mkono ni mila, si sharti la dini. Wanawake wa msikitini wangependa kuja, lakini mwenye jambo ni wifi, na wifi hajawaalika. Kuingilia jambo la watu si ustaarabu.

Kwa hiyo Hanifa alikuwa huru kutoka. Hakuna aliyemzuia. Angefungua tu mlango. Lakini alipofikiria kuvuka kile kizingiti peke yake, mchana kweupe, bila mkono hata wa mtoto, alirudi mkekani akaketi. Alijua kwamba akitoka hivyo, atakuwa hivyo mpaka siku ya kufa. Alitaka mtu mmoja, wa upande wowote.

Jumamosi ilifika, na ndiyo ilikuwa harusi ya Sarah. Kuanzia asubuhi wanawake wa mtaa mzima walipita dirishani kwake kuvishwa. Hanifa alinyoosha mikono nje, akawavalisha mmoja mmoja: huyu mshubiri, huyu mjusi, huyu ukungu uliosukwa kwa uzi mweupe mwembamba hata hauonekani. Bibi harusi alipewa mkufu wa mto. Sarah alilia kwa furaha, kope zikaanza kubanduka.

"Mama Ombeni," Hanifa akasema, akiwa bado ameshika sikio la jirani yake, "leo ndiyo natoka eda."

"Leo? Yesu wangu! Na watu wako wako wapi?"

"Bado."

"Watakuja tu, barabara hizi si unazijua. Ningekaa na wewe mimi, lakini si unaona. Na mimi Mluteri, ningekosea tu." Akampiga piga mkono kwa huruma. "Tutakuletea pilau."

Matarumbeta yakalia. Pikapu ikaondoka, magari yakafuata, na mtaa ukanyamaza. Hanifa alichemsha maji mwenyewe, akayaweka kwenye ndoo, akakaa kwenye kigoda kando yake. Alisubiri mpaka maji yakapoa. Akayachemsha tena. Mara ya pili yalipopoa hakuyarudisha jikoni. Aliketi mikono mapajani, masikio yameelekea barabarani, akawachukia wote kwa zamu, wa Kalenga na wa Mbalizi, na Yunusu mwenyewe kwa kumwacha kati ya pande mbili zinazopishana mlangoni. Kisha akamwomba Yunusu msamaha.

Alasiri akasikia mawe yanawekwa chini nje ya mlango.

Mto uliingia. Safari hii haukukaa ukutani. Nyuma yake walikuwepo mshubiri, milulu, na mjusi juu ya jiwe dogo alilokuja nalo. Milulu ilisimama kwenye korido kuziba, kama wanavyofanya wanawake wakishika shuka ili mtu asitiriwe. Mto ukamwogesha. Ulianza kichwani, ukashuka mabegani, nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, bila haraka, na maji yake siku hiyo yalikuwa na joto la maji yaliyokaa juani. Ulileta kanga, ya mfuaji fulani wa Ipogolo aliyepotelewa nayo, safi ila maandishi yake yamefutika. Hanifa akajifunga. Mshubiri ukamdondoshea maua mawili, akayapachika masikioni. Maji hayana mkono, lakini yalimshika. Akavuka kizingiti.

Mtaani kulikuwa na mbuzi mmoja tu na vumbi la matarumbeta. Milulu ilichakarika, na hivyo ndivyo vigelegele vilivyokuwa. Mgeni hatoki peke yake, kwa hiyo Hanifa aliusindikiza mto mpaka kona ya barabara kuu. Hapo wakakutana na msafara wa harusi unatoka kanisani kwenda ukumbini. Magari yakasimama kuupisha mto. Wanawake kwenye pikapu wakakunja magauni yasilowe, hereni zinacheza, wakampungia mkono. "Hongera, Hanifa!" mmoja akapaza sauti. Mto ulipokwisha kupita, dereva akatia gia.

Jumapili Crispin alipiga simu.

"Kalista, nimesikia umetoka. Nimefurahi sana. Nilikwambia, wakwe zako ni watu."

"Asante, kaka."

"Ila jana maji ilikatika tena, kidogo tu. Si kitu."

Bibie naye akapiga, nyuma yake misumeno inalia, ikabidi apaze sauti. "Wifi, hongera! Nimeambiwa ulitolewa kwa maji mengi, mpaka barabara ilifungwa! Si nilikwambia? Ndugu zako wamejitahidi, wape salamu zangu. Mimi mzigo umenitoka moyoni."

"Asante, wifi."

Jioni Mama Ombeni alikuja na sahani ya pilau iliyofunikwa, kichwa bado kimefungwa kilemba cha jana. Akamkuta Hanifa mlangoni, si dirishani. Akamwangalia juu mpaka chini.

"Kumbe ulitoka kweli! Walikuja?"

"Ulikuja mto."

"Peke yake?"

"Na mshubiri. Na wengine."

Mama Ombeni akashusha pumzi, akatabasamu kwa moyo wote.

"Afadhali, mama. Yaani mimi ukumbini chakula kilikuwa hakipiti. Nilikuwa naogopa utatoka peke yako."

Hanifa akapokea sahani. Akasogea pembeni kuacha nafasi, akasema, "Karibu ndani, tule wote."

"Ah, siku nyingine, nina masufuria ya watu ya kurudisha," Mama Ombeni alisema, naye alikuwa ameshashuka ngazi mbili. "Kwanza wewe huishiwi wageni."